Gari lisilotaka maji: historia ya viti vya Volkswagen, kutoka Nairobi hadi Kasindi

KASINDI – Kwenye daraja la mto Lubiriha kila gari hubadili upande. Kule Mpondwe, Uganda, madereva hushika kushoto. Wakishavuka na kuingia Kasindi, teritware ya Beni, wanashika kulia. Watoto wa mpakani wanalijua jambo hili kabla hawajajua kusoma. Lakini ni wachache wanaojua kwamba hata kiti cha gari kina upande wake.

Kiti cha dereva kilichotolewa katika gari la Japani kilikuwa kimefungwa upande wa kulia. Mkono wa kulaza mgongo wake uko kulia, karibu na mlango, na kifungo cha mkanda wa usalama kiko kushoto, katikati ya gari. Ukikichukua kiti hicho na kukifunga mahali pa dereva katika gari la zamani la Kongo, lenye usukani kushoto, mambo yanageuka. Mkono unaingia katikati, ambako ni vigumu kuufikia, na kifungo kinakwenda upande wa mlango, kule kule unakotokea mkanda. Mkanda hauwezi tena kupita kifuani kama inavyotakiwa. Dereva anabaki na kiti kizuri cha michezo, lakini hana mkanda.

Ni kosa dogo kwa macho, lakini linaweza kuchukua maisha ya mtu. Ndiyo sababu inafaa kusimulia historia ya viti hivi, hasa vya magari ya zamani ambayo injini yake inapozwa kwa upepo: Volkswagen ile iliyoitwa Coccinelle, ndugu yake Kombi, na jamaa yao tajiri, Porsche. Historia hiyo inapita Ujerumani, Nairobi, Kampala na Butembo. Ndani yake wamo pia watu waliofukuzwa kwao.

Injini ya upepo

Volkswagen ilibuniwa na mhandisi Ferdinand Porsche katika miaka ya 1930, kwa matakwa ya serikali ya Hitler iliyotaka gari la bei nafuu kwa wananchi. Vita vilipoanza, wananchi hawakupata gari. Kiwanda kiligeuzwa kutengeneza magari ya jeshi, na wengi waliofanya kazi humo walikuwa watu waliotolewa kwao kwa nguvu na kulazimishwa kazi. Vita vilipokwisha, jeshi la Uingereza lilikishika kiwanda hicho katika mji unaoitwa leo Wolfsburg. Meja mmoja Mwingereza, Ivan Hirst, alikifufua, na Desemba 1945 magari ya raia yakaanza kutoka kwa wingi.

Injini yake iko nyuma. Silinda zake 4 zimelala, mbili huku na mbili huku, na kila moja ina mapezi ya chuma ya kutoa joto. Feni inapuliza upepo juu ya mapezi hayo. Hakuna rejeta, hakuna pampu ya maji, hakuna mipira ya maji ya kupasuka. Katika bonde la Kasindi, karibu kabisa na mstari wa ikweta, ambako joto ni kali na kutoka hapo barabara inapanda kuelekea Beni na kisha Butembo, hiyo ilikuwa sifa kubwa. Gari lenye rejeta mbovu linachemka mlimani na dereva anaanza kutafuta kijito. Volkswagen inaendelea kupanda polepole.

Hata hivyo nayo ina udhaifu wake. Feni ile imefungwa kwenye mhimili wa dinamo, na vyote viwili vinazungushwa na mkanda mmoja wa mpira. Mkanda ukikatika, taa nyekundu ya chaji inawaka na upepo unakoma wakati huo huo. Dereva anayepuuza taa hiyo kwa kudhani ni shida ya bateri tu anaiua injini katika mwendo mfupi.

Mwaka 1948 kampuni ya D'Ieteren ya Brussels ikawa mwagizaji wa Volkswagen nchini Ubelgiji. Kongo wakati huo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Kutoka kwa wasemao Kifaransa likaja jina Coccinelle, mdudu mdogo wa mviringo mwenye madoa mgongoni. Wamexico waliliita Vocho, Wabrazili Fusca. Kombi, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1950, ilitumia injini ya namna ile ile, na katika nchi nyingi za Afrika ilibeba wagonjwa, walimu, mapadri na abiria wa sokoni.

Tarehe 17 Februari 1972 Coccinelle ilivunja rekodi ya Ford Model T, kwa kufikisha magari 15,007,034. Ya mwisho kabisa ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Kwa jumla yalitengenezwa zaidi ya milioni 21.

Safari ya mwaka 1953

Watu wa Afrika Mashariki waliijua nguvu ya gari hili kupitia mashindano. Mwaka 1953 wapenzi wa magari mjini Nairobi waliandaa mbio ndefu za kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Barabara ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, nyingi ikiwa vumbi na matope. Kanuni ya mwanzo ilidai gari la kawaida, jinsi linavyouzwa dukani. Magari yaligawanywa kwa bei, na mwaka huo hakukuwa na mshindi mmoja rasmi wa wote. Lakini waliopoteza alama chache kuliko wengine walikuwa Alan Dix na Johnny Larsen, ndani ya Volkswagen.

Mwaka uliofuata, 1954, Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen. Mwaka 1957 ikawa zamu ya Gus Hofmann na Arthur Burton, Volkswagen tena. Mwaka 1962, mashindano yakiwa tayari yanaitwa East African Safari, Tommy Fjastad na Bernhard Schmider wakashinda, na gari lao lilikuwa lile lile.

Watu husimulia ushindi huo kwa kuisifu injini. Ni haki yake. Lakini fikiria madereva wale: saa nyingi mchana na usiku, kilomita elfu na elfu za mashimo, wakiwa wamekaa juu ya viti vya dukani vilivyotengenezwa kwa familia ya Ujerumani inayokwenda kanisani Jumapili. Viti vile havikumshika mtu ubavuni. Kona ikija, dereva hujishika kwa usukani ambao angepaswa kuuongoza. Aliyeendesha Beni hadi Kasindi miaka ya barabara mbovu anaelewa bila kuambiwa: mikono na kiuno huchoka kabla ya gari.

Kiti cha zamani kilivyo ndani

Fundi akikifungua kiti cha Coccinelle ya zamani anakuta mambo matano. Kwanza kuna fremu ya bomba la chuma. Juu yake kuna springi. Juu ya springi kuna gunia, na juu ya gunia mto wa singa za farasi au usumba wa nazi ulioshikanishwa kwa mpira. Kisha kinakuja kitambaa au ngozi ya plastiki. Sponji ya leo haikuwepo katika viti vile vya mwanzo.

Mto wa namna hiyo unapumua vizuri penye joto, lakini ukizeeka unageuka vumbi. Springi zinatoboa gunia na kumchoma mtu. Wengi huanza kufikiria kubadilisha kiti siku hiyo, si kwa fahari bali kwa maumivu.

Mgongo wa kiti cha zamani ulikuwa mfupi, usio na mahali pa kuegemeza kichwa. Gari likigongwa kutoka nyuma, shingo inavunjika nyuma kama tawi. Tena, kwa kuwa Coccinelle ina milango 2 tu, viti vya mbele hulala mbele ili watu wa nyuma wapite. Katika matoleo ya zamani mgongo huo haukuwa na kufuli. Gari likisimama ghafla, uzito wa watu wa nyuma unausukuma mgongo wa kiti, na dereva anabanwa kwenye usukani.

Hatari nyingine imejificha nyuma. Bateri ya Coccinelle haipo mbele wala kwenye injini. Iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Kiwanda kiliweka kifuniko juu yake. Kifuniko kile kikipotea, na mara nyingi hupotea baada ya miaka mingi, watu wazito wakikaa nyuma springi zinashuka na kugusa vichwa vya bateri. Cheche zinatoka, singa na gunia vinashika moto, na moto unaanzia chini ya abiria. Wamiliki wa Coccinelle duniani kote wanalijua jambo hili. Dawa yake ni kipande cha mpira au ubao mwembamba usiopitisha umeme, kilichofungwa vizuri juu ya bateri. Hakigharimu kitu mbele ya uhai wa mtoto.

Kutoka karakana ya Stuttgart

Kiti cha michezo nacho kina ukoo wake, na ukoo huo unaungana na Volkswagen tangu mwanzo. Mwaka 1906 Wilhelm Reutter alifungua karakana ya mabodi mjini Stuttgart, Ujerumani. Kabla ya vita, karakana hiyo ilitengeneza mabodi ya magari ya majaribio ya Volkswagen. Baada ya vita ikatengeneza mabodi ya Porsche 356, gari lililozaliwa kutokana na Volkswagen, nalo likiwa na injini ya upepo nyuma.

Mwaka 1963 Porsche ilikinunua kiwanda cha mabodi cha Reutter. Sehemu iliyobaki ilishika kazi ya viti na kujipa jina jipya lililounganishwa kutoka maneno mawili, Reutter na Carosserie: Recaro. Mwaka 1965, katika maonyesho ya magari ya Frankfurt, Recaro ilionyesha kiti chake cha michezo cha kufunga badala ya kiti cha kawaida. Kilikuwa na mabawa ubavuni ya kumshika mtu, na mgongo wa kulaza. Mtu hakulazimika tena kununua gari jipya ili akae vizuri. Aliweza kubadilisha kiti tu.

Wakati huo huo mkanda wa usalama ulikuwa unaingia. Mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, alileta mkanda wa sehemu 3 mwaka 1959, na Volvo PV544 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuupata. Gari la namna hiyo ndilo Joginder Singh wa Kenya aliloshindia Safari mwaka 1965. Kiti kinachomshika mtu na mkanda unaomfunga vikaanza kwenda pamoja.

Porsche 911, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1963, ilibaki na injini ya upepo hadi mwaka 1998. Ilikuja Safari mara nyingi kutafuta ushindi na ikarudi bila ushindi. Mwaka 1972 Sobiesław Zasada alishika nafasi ya 2. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden akawa wa 2, nyuma ya Joginder Singh. Mwaka 1978 Vic Preston kijana, mtoto wa yule mshindi wa 1954, naye akawa wa 2 kwa 911. Baba alishinda kwa Volkswagen, mtoto alikaribia kwa Porsche: magari ya ukoo mmoja, injini nyuma, bila maji.

Deni hilo lililipwa baadaye. Tangu mwaka 2003 kuna Safari ya magari ya zamani, East African Safari Classic. Mwaka 2011 Waldegård, akiwa na miaka 68, aliishinda kwa Porsche 911, mtoto wake Mathias akiwa pembeni akimsomea njia. Mwaka 2015 Stig Blomqvist, Mswidi mwingine, akashinda kwa gari la namna hiyo hiyo. Magari yale kwa nje ni ya zamani. Ndani, viti vya kiwandani vimetolewa na mahali pake vimewekwa viti vya mashindano, mikanda ya mabega na nguzo za chuma. Hata wanaopenda sana gari la zamani hawakubali kukimbia juu ya kiti cha zamani.

Waliofukuzwa

Katika historia hii kuna jina ambalo familia zilizohama zingependa kulisikia. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini kwa muda wa siku 90. Mehta alihamia Kenya. Miezi michache baadaye, katika Safari ya mwaka 1973, alishinda akiwa na Datsun 240Z. Hilo si gari la upepo, lakini habari yenyewe inafaa. Baadaye alishinda tena mara 4 mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Nchi alinyang'anywa. Ujuzi wa mikono na macho alivuka nao mpaka.

Upande wa Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire, msukosuko mwingine ulikuja mwaka uliofuata. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara nyingi za wageni zipewe Wazaire. Nyingi zilianguka kwa muda mfupi. Vipuri vikawa haba. Barabara nazo zikaanza kuharibika bila kutengenezwa. Gari likivunjika kiti, hakuna duka la kuuliza.

Ndipo fundi alipokuwa mtu mkubwa. Springi ilitoka katika gari lililokufa, gunia lilitoka kwenye kahawa, ngozi ya plastiki ilishonwa kwa mkono. Na wafanyabiashara wa Butembo, walio mbali sana na Kinshasa, waligeuza macho mashariki. Kahawa ilitoka, bidhaa ziliingia, kwa njia ya Kasindi, Kampala na Mombasa, na baadaye hadi Dubai na China. Kwa njia hiyo hiyo yalikuja magari yaliyotumika kutoka Japani, na ndani yake viti. Gari la Kijapani la michezo likigongwa mbele, viti vyake mara nyingi bado vizima, na viti hivyo vinatafuta gari jingine.

Hivyo kiti cha michezo kilifika mpakani bila mbio zozote. Kilifika kama kipuri.

Namna ya kukifunga

Fundi mzuri haanzi na kiti. Anaanza na sakafu. Hapa ndipo injini ya upepo inaporudi katika habari. Kwa kuwa gari halina maji ya moto, joto la kupasha watu miguu hutoka kwenye injini kwa njia ya mabomba na kupita ndani ya mihimili ya pembeni, chini ya milango. Mihimili hiyo ina uwazi ndani, inashika unyevu, na inaoza kutoka ndani kwenda nje. Sakafu nayo huoza chini ya bateri, kwa sababu ya asidi. Rangi inaweza kuwa nzuri juu, na chini kuna kutu tupu.

Kwa hiyo zulia linatolewa lote. Sakafu inagongwa kwa nyundo ndogo, polepole. Chuma kizima kinalia; chuma kilichooza kinanyamaza au kinatoboka. Palipooza panakatwa na kuchomelewa bamba jipya. Kabla ya kuchomelea, bateri inatenganishwa na kutolewa, na viti, zulia na kila kitu kinachoshika moto vinatoka nje.

Baada ya hapo ndipo vipimo vinafuata. Kiti cha kisasa ni kipana kuliko cha zamani, na katikati ya Coccinelle kuna mgongo wa chuma wenye fimbo ya gia na nyaya za breki ya mkono. Kiti kikigusa hapo, kitakaa mshazari, na dereva ataendesha kiuno kikiwa kimepinda. Kimo nacho kinapimwa dereva akiwa amekaa: kichwa kisiguse paa, goti lisiguse usukani, na mguu ufikishe klachi hadi mwisho bila mgongo kuondoka kwenye kiti.

Reli za kiti kipya haziendani na matundu ya zamani. Wengine hutoboa sakafu popote na kukaza bulo kwenye bati tupu. Siku ya ajali bati hilo linachanika kama karatasi, kiti kinaruka na mtu wake. Njia sahihi ni kutengeneza vikono vya chuma vinavyounganisha reli mpya na mahali palipoimarishwa na kiwanda. Kama lazima kutoboa, bamba la chuma linawekwa chini ya sakafu ili kugawa nguvu. Bulo iwe ya chuma kigumu, ambayo kichwani imeandikwa 8.8 au zaidi, si ile laini ya kufungia milango ya nyumba.

Kufuli ya reli inajaribiwa mara nyingi. Kiti kinachoteleza nyuma wakati gari linapanda kilima humvuta dereva mbali na breki. Akishika usukani ili asianguke, gari linageuka.

Kuhusu upande, fundi wa Kasindi anayefunga kiti cha kushoto katika gari la Kongo achukue kile kilichokuwa cha abiria katika gari la Japani. Mara nyingine hakina kifaa cha kupandisha na kushusha, lakini kifungo cha mkanda kitakuwa mahali pake. Kama kiti kimetoka katika gari la miaka ya karibuni, achunguze ubavu wake. Baadhi vina mfuko wa hewa ndani, unaofumuka kwa baruti ndogo. Ukikatwa kwa kisu au kuguswa na moto wa kuchomelea, unaweza kulipuka usoni. Waya wenye kichwa cha rangi ya njano chini ya kiti ni onyo.

Viti vya mashindano vya ganda moja vina tatizo jingine. Vile vyenye kibali cha FIA, shirikisho la dunia la mashindano ya magari, huhesabiwa miaka maalumu tu, halafu havikubaliwi tena mashindanoni. Vinapouzwa kwa bei ndogo, sababu inaweza kuwa hiyo. Ufa mdogo kwenye ganda ni mwisho wa kiti.

Na kuna jambo linalosahauliwa kuliko yote. Kiti cha ganda moja hakilali mbele. Katika gari lenye milango 2, watu wa nyuma wanapita wapi? Mwenye gari la mbio hana watu wa nyuma. Baba wa familia anao. Akifunga viti viwili visivyolala katika Coccinelle yake, amewafungia watoto ndani, juu ya bateri. Gari la familia linataka kiti cha michezo chenye mgongo wa kulala na kufuli, hata kama si kizuri sana kwa macho.

Kwa nini sasa

Tarehe 16 Juni 2021, Rais Félix Tshisekedi na Rais Yoweri Museveni walikutana Mpondwe kuzindua mradi wa barabara za kilomita 223 kwa pamoja, ikiwemo ile ya Kasindi hadi Beni, kilomita zipatazo 80, na ile ya Beni hadi Butembo. Lami inafurahisha kila mtu. Lakini lami inaleta mwendo. Gari likitoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nguvu ya pigo haiongezeki mara 2, bali mara 4. Kiti kilichovumilia mashimo kwa mwendo wa polepole hakikuahidi kitu kuhusu mwendo mpya.

Tena barabara hii si barabara ya kawaida. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewahamisha watu wengi sana. Kwenye barabara ya taifa nambari 4 magari yamechomwa, na zimekuwepo nyakati ambazo magari yalipita kwa msafara tu, yakilindwa na askari. Familia nyingi zilikimbia kwa miguu. Nyingine zilipata nafasi ndani ya gari, wanne mahali pa wawili, mtoto juu ya paja, sufuria chini ya miguu. Siku kama hiyo hakuna anayeuliza habari za kiti. Kinachoulizwa ni kama mlango unafunguka na kama gari litafika.

Maswali hayo yanajibiwa kabla, siku za utulivu, katika karakana. Mlango unaofunguka, kiti kinacholala ili bibi atoke nyuma, kifuniko cha bateri, kufuli ya reli: vyote ni kazi ya saa chache, na vyuma vyake vinapatikana mpakani.

Ni kazi pia ambayo kijana aliyehama anaweza kujifunza. Kushona kiti kunataka sindano nene, uzi imara, mkasi na jicho. Kuchomelea kunataka mwalimu na miwani. Nyumba inaachwa, shamba linaachwa, mbuzi wanaachwa. Ufundi haubebwi kichwani kama godoro, na kizuizi cha barabarani hakiwezi kuunyang'anya.

Anayeamua kubadilisha viti vya Coccinelle ya baba yake asitupe vile vya zamani. Avifunge kwenye nailoni na kuviweka pakavu. Fremu yake ni ya kiwanda, inaweza kufumwa upya, na siku moja mjukuu atataka kuona babu alikaa juu ya nini.

Na kabla ya kuondoka Kasindi kwenda Beni, kwa gari lolote lile, jipya au la zamani, dereva atumie dakika moja. Ashike kiti kwa mikono miwili akitikise kwa nguvu. Kikicheza hata kidogo, safari isubiri.